Mwosha wa Mtaa Wetu na Kiti Chake cha Betri

Kiti chake kilisikika kabla yeye hajaonekana. Kilikuwa na mlio wa chini chini, kama cherehani inayofanya kazi nyumba ya pili, na katika vichochoro vyetu vya Mji wa Kale, ambako kuta zimekaribiana na sauti hugonga huku ikarudi kule, mlio ule ulitufikia tukiwa jikoni, tukiwa juu ya misala, tukiwa tunasuka watoto nywele. Siku za kliniki ulielekea barabara kubwa, upande wa Ngome ya Yesu, na hakuna aliyeshtuka. Lakini ukielekea ndani ya mtaa asubuhi, wanawake tulifungua madirisha kidogo na kusema inna lillahi kabla hatujajua ni nani aliyekufa. Maana yeye ndiye aliyeosha maiti wa kike wa mtaa wetu. Watoto walimwita Bi Betri. Sisi wakubwa tulimwita Mwosha, naye aliitika kwa yote mawili.

Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Alipoulizwa mambo hayo alijibu kwamba maiti hamuulizi mwosha kabila lake. Nilimjua kwa miaka mingi, miaka ile ya sitini bendera ilipobadilika na Waingereza wakawa wanafunga mizigo yao, na nyumba yake ilitazamana na yetu. Mimi nilikuwa nikisomesha wanawake dini ukumbini kwetu baada ya Laasiri, naye alikuwa mwanafunzi wangu ingawa kwa umri alikuwa mama yangu. Alipofariki nilikuwa safarini Lamu, kwa hivyo kifo chake sitakisimulia. Namshukuru Mola kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Kabla ya kuumia alikuwa ayah, mtumishi wa wodi, katika hospitali moja mjini. Siku moja kitanda cha chuma kilichokuwa kikiteremshwa ngazini kiliwaponyoka wachukuzi kikampiga mgongoni, na tangu hapo miguu yake haikumjibu tena. Hospitali ilikuwa imewakatia bima wafanyakazi wake, na palikuwa na nesi mkuu, Mwingereza mwenye sauti nzito, aliyewaandama watu wa bima mpaka wakaagiza kiti kutoka ng'ambo. Kilikuwa na mota nyuma, betri kama ya gari chini ya makalio, na kijiti cha swichi kwenye mkono wa kulia. Mombasa nzima sikupata kuona cha pili.

Watu walidhani kuosha kumekwisha. Yeye alikuwa akiosha tangu miguu yake ikiwa mizima, na wenye nyumba wakaanza kutafuta mwingine. Kisha akafa mke wa muuza samli, jirani yetu, na alfajiri ile kiti kikasikika kikiingia kichochoroni. Watu wa nyumba wakatoka mlangoni kutazama. Yeye aliwaomba ubao wa kuvukia kizingiti, akaingia mpaka uani pale pa kuoshea, akaagiza kitanda cha maiti kiinuliwe juu ya matofali kilingane na mapaja yake, akawatoa wanawake wote isipokuwa wawili wa kumimina maji.

Mama mkwe wangu alipofariki nilikuwa mmoja wa hao wawili, ndipo nikaona ustadi wake. Mikono yake ilikuwa juu ya maiti na haikutoka. Kiti alikiendesha kwa kiwiko. Akitaka kwenda kichwani, kiwiko kilisogea, na kiti kikateleza taratibu kandokando ya kitanda. Akitaka kurudi miguuni, kiwiko tena. Hakumpa mtu kazi ya kumsukuma, kwa kuwa kila mtu anayeingia pale ni macho mawili zaidi, na yeye alitaka macho yawe machache. Akizungumza na maiti kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemvisha bibi harusi. Alimwambia mama mkwe wangu, "Geuka kidogo, dada yangu, tumalize upande huu. Hivyo. Ahsante." Nami niliyekuwa nimeshika kata ya maji nikaona haya kwa machozi yangu, kwani pale hapakuwa na kitu cha kutisha.

Kwa walio hai hakuwa mpole hivyo. Mwanamke akipiga ukelele mlangoni, alimtazama akamwambia, "Mwenzio yuwasafiri nawe wampigia kelele. Ndivyo unavyoaga watu?" Mimi mwenyewe alinikemea siku niliyomimina maji kwa pupa. Alinigomba mbele ya wifi yangu, kisha jioni akaniletea sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa, wala hakulitaja neno lile.

Tumefundishwa kwamba anayemwosha maiti na akaficha aliyoyaona, Mungu humfichia yeye makosa yake. Sisi tulilisoma hilo. Yeye alikuwa akiishi nalo. Mtaa wetu ulipenda habari, na zipo nyumba ambazo mtu hufa humo na watu wakawa na maswali. Walikuja wakijifanya wamemletea uji. Wakakaa, wakamsifu, kisha wakatupa ndoano: ati ni kweli marehemu alikuwa na alama shingoni? Ati tumbo lake lilikuwaje? Jawabu lake lilikuwa moja kwa wote. "Alikuwa na nywele nzuri," husema. Alilisema hilo kwa ajuza ambaye sote tulijua alikuwa hana unywele kichwani tangu ugonjwa wa zamani, na aliyeuliza akaondoka na bakuli lake tupu, asijue acheke au akasirike.

Hakupokea ujira. Familia moja ya matajiri ilimpelekea doti ya kanga na bahasha ndani yake. Akavirudisha vyote na juu yake akaweka maua ya asmini kwa ajili ya wafiwa. Lakini mtu huyo huyo alikuwa akipigana vita kila asubuhi na muuza mahamri. Alimgeuzia kila andazi juu chini kutafuta lililo dogo kuliko wenzake, akimwambia, "Hili ni hamri au ni kifungo cha kanzu?" Muuza mahamri alikuwa akinong'ona kwamba afadhali akutane naye yeye mwenyewe akiwa maiti, maana maiti hawagombi. Naye akisikia alicheka mpaka kiti kikatikisika.

Mambo kama hayo hayakuisha kwake. Aliyeshinda na maiti mikononi aliogopa mjusi. Akimwona mjusi ukutani alipaza sauti mtaa mzima ukasikia, na hangenyamaza mpaka mjusi atolewe. Alikuwa na mapambo kuliko wasichana: wanja kila siku, hina kucha zote, hata za miguu isiyokwenda. Darasani alikosea aya zile zile kila wiki, akajipiga kofi la shavu na kusema, "Mwalimu, kichwa hiki kimejaa majina ya watu, sura hazina pa kukaa." Nilikuwa nikimfundisha kwa subira, na kila nikimkumbuka naona kwamba nilipewa mimi zaidi kuliko nilivyotoa.

Mtu wa kumtoa mijusi alikuwa mke mwenzake. Naye pia nimweleze, kwa sababu bila yeye habari hii haiendi mbele. Walikuwa wameolewa na mume mmoja, nahodha wa tishali bandarini, na alipofariki mume wakabaki nyumba moja, wajane wawili, mmoja chini kwa ajili ya kiti na mmoja juu. Hawakuacha kugombana. Walikuwa wakigombana kupitia ngazi, huyu akitazama juu na yule akitazama chini, juu ya chumvi, juu ya maji, juu ya marehemu kwamba alimpenda nani. Ugomvi mkubwa ulikuwa umeme. Betri ilitiwa chaji usiku kucha, na yule wa juu alisema ananyimwa usingizi na mlio wake.

"Miguu huna na nyumbani hukai," alimwambia, nasi tukisikia. "Ungekuwa nayo ungeshafika Makka kwa kutembea."

"Na wewe unayo," Mwosha akajibu, "umefika wapi nayo? Jikoni."

Kisha baada ya saa moja unawaona wanakula sahani moja.

Sasa nieleze habari ya bima, maana ndiyo iliyotuvunja moyo. Kiti kile kilikuwa kikila vifaa. Hewa yetu ya chumvi haipatani na chuma, na maji ya kuoshea yalikuwa yakimwagika chini ya magurudumu. Mkanda ulikatika, tairi liliisha, betri ilikufa. Kila kitu kilipoharibika utaratibu ulikuwa mmoja. Fundi wa redio wa mtaani alikitazama, akasema ni kifaa gani. Duka moja la vyuma karibu na Mwembe Tayari likaagiza kifaa hicho na kuandika bili. Bili ikaenda hospitali, daktari akatia sahihi kwamba mgonjwa anakihitaji, hospitali ikaipeleka kwa kampuni ya bima, na bima ikalipa duka. Yeye hakuona hata senti ikipita. Nesi mkuu akiwapo, karatasi zilikwenda na kurudi bila maneno.

Nesi mkuu akarudi kwao. Akaacha sanduku la vitabu na paka, na hakuna aliyechukua mahali pake katika jambo lile. Haukupita muda mrefu, mota ikaungua. Tulisikia harufu yake kabla ya kuona moshi. Fundi wa redio akaifungua, akasema nyaya zake zimeliwa na maji, lakini yeye anaweza kuisuka upya kwa waya wa shaba ikatembea mwaka mmoja au miwili, wakati wakingoja mpya. Akaisuka, kiti kikatembea, tukafurahi. Lakini bili ya mota ilikuwa kubwa kuliko za mikanda na tairi, na ofisi ya bima, iliyokuwa ghorofani upande wa Ganjoni, ikairudisha. Mara ya kwanza walisema haikuandikwa kwamba ni ya kiti cha mgonjwa. Ikaandikwa. Mara ya pili walisema hawawezi kulipia mota mpya bila kuiona ya zamani. Basi mota ya zamani ikafunguliwa kitini, ikafungwa kwa gunia, ikapelekwa Ganjoni. Fundi alituonya tusiipeleke. Mwosha akasema mali ni yao, wana haki ya kuiona.

Tangu siku hiyo kiti kilikuwa kiti tu, cha kukalia.

Katika kungoja huko wakafa watu watatu wanawake mtaani. Aliwaelekeza wengine cha kufanya akiwa nyumbani kwake, wakaja wakamsikiliza, wakaenda. Mmoja wao alirudi na kusimulia barazani alichokiona mwilini mwa marehemu. Mwosha alipopata habari alikataa kula siku ile.

Kisha bima ikamtuma mkaguzi. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye tai na Kiswahili cha bara, na nasema bila kinyongo kwamba hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kujua kama mwanamke huyu anahitaji kiti cha mota au la. Akaanza barazani. Palikuwa na wazee wetu wamekaa pale kama kawaida, na msemaji wao alikuwa mshona kofia, mzee aliyekuwa na sindano mdomoni na neno juu ya kila jambo. Mkaguzi akasalimu vizuri, akauliza: mama anayekaa nyumba ile, mwenye kiti, hutoka sana?

Ndugu msomaji, ukiwa si wa kwetu hutaona shimo lililofunikwa pale. Mwanamume mgeni amekuja mtaani anauliza kama mwanamke mjane hutoka nje. Wazee wale walikuwa wamemwona akipita na kiti miaka yote. Mshona kofia ndiye aliyekuwa akiinua miguu yake barazani ili apite. Lakini kwa swali kama lile na kwa mtu kama yule, mwenye heshima ana jibu moja. Mshona kofia akatoa sindano mdomoni akasema mama yule ni mtu wa sitara, tangu kuumia kwake hajaonekana njiani, na atakayesema amemwona basi ni mwongo. Wenzake wakaafiki mmoja mmoja. Kijana akaandika, akawasomea, nao wakatia sahihi na vidole gumba kwa moyo safi kabisa, wakiona wamemlinda dada yao.

Kijana akaenda mlangoni akabisha. Mimi nilikuwa dirishani kwangu, nyuma ya pazia, na nilisikia yote. Aliyefungua ni mke mwenza. Kijana akauliza lile lile. Na yule mwanamke, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumtupia mwenzake hata neno moja la sifa, akasimama wima kizingitini akamsifu.

"Mwenzangu?" akasema. "Mwenzangu huyu mlango haujui. Shughuli za mjini hazijui. Wanawake wa siku hizi hawana mfano wake. Yeye na chumba chake, na msala wake, na Mola wake. Andika hivyo."

Akaandika hivyo.

Mwosha alikuwa ameketi nyuma ya mlango ule ule, umbali wa mkono, kwenye kiti kisichokwenda. Neno moja lake lingetosha. Nilingoja nilisikie. Halikuja. Kijana akaaga, akaenda zake, nami nikavuka kichochoro nikaingia. Mke mwenza alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, uso unamng'ara kama mtu aliyetoa sadaka kubwa. Mwosha alikuwa akimtazama, na macho yake yalikuwa mapole kuliko nilivyopata kuyaona.

"Leo umenisifu, mwenzangu," akamwambia. "Nawe ungenitusi tu, kama siku zote."

Yule hakuelewa mpaka nilipomweleza mimi. Akakaa chini sakafuni palepale, kanga ikamwanguka kichwani. Nilimuuliza Mwosha kwa nini hakusema. Alinijibu kwamba kusema kungekuwa kumwita mwenzake mwongo mbele ya mwanamume mgeni, mlangoni pake mwenyewe, na yeye hakuwahi kumvua mtu nguo maisha yake yote, maiti wala mzima.

Jawabu la bima lilikuja kwa Kiingereza, na mume wangu akalisoma. Lilikuwa fupi na la adabu. Kwa kuwa majirani na jamaa wa nyumbani wameshuhudia kwamba mama haendi popote ila kliniki, ambako husindikizwa, mota haihitajiki. Atapewa kiti cha kusukumwa. Mota ya zamani, iliyolipiwa na bima, itabaki kwao.

Wazee wa baraza walipoelezwa walisikitika sana. Mshona kofia hakushona siku mbili. Kisha akawakusanya wenzake, wakavaa kanzu za Ijumaa, wakaenda Ganjoni kwa miguu kusema kwamba humwona mama yule akitoka, tena mara nyingi. Kijana akawapa viti na chai. Akawasomea maneno yao ya kwanza na sahihi zao, akawauliza wapi wamesema kweli, hapa au pale. Mshona kofia, mtu asiyewahi kukosa neno, aliinuka akaacha chai yake. Alikuja kwa mume wangu akasema ameulizwa mbele ya watu siku gani alikuwa mwongo, na hakuna siku aliyoweza kuchagua.

Basi nikaenda mimi, ambaye sikuwa nimetia sahihi popote. Mume wangu alinisindikiza. Nilimwambia kijana kwamba nimeiona kazi ya mwanamke huyu kwa macho yangu nyumbani kwangu. Nikamweleza kiwiko na kitanda cha maiti, na kwa nini kiti cha kusukumwa hakifai hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikaona kwamba ameniamini, na moyo wangu ukapanda.

"Mwalimu," akaniambia, "hiyo ni kazi."

Nikamwambia ni ibada, hapokei kitu. Akasema anaelewa, lakini bima yao inalipia mtu aliyeumia akaishi nyumbani na kwenda kutibiwa. Kuosha maiti si matibabu. Na anayeweza kutoka kwenda kufanya kazi, kwa ujira au bila ujira, huenda wakubwa wake wakasema amepona, wakakata hata dawa na kliniki. Akaishika kalamu, hakuandika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kweli ayaandike niliyosema.

Nikafikiri juu ya vidonda vya mgongo wake, na dawa anazopewa kila mwezi. Nikamwambia asiandike. Tulipokuwa tunashuka ngazi mume wangu alinishika mkono, jambo asilolifanya njiani. Mwanamke asiyetoka hahitaji mota, na anayetoka hana haki nayo. Niliyageuza maneno hayo mpaka tukafika nyumbani na sikupata upenyo.

Nilipomwambia Mwosha, alisema alhamdulillahi, akaniuliza kama kijana yule alikuwa ameoa.

Kiti kipya kikaja, chepesi, chenye magurudumu madogo mbele. Mke mwenza ndiye aliyekisukuma, na kwa umri wake aliweza mpaka kona ya msikiti akahema. Tangu siku ya mkaguzi hawakugombana tena, na kimya chao kilituuma wote. Sauti kutoka ngazini haikuja, wala sauti ya mota. Watu walikufa, na sasa tulipata habari kwa kilio kama mitaa mingine.

Mwaka uliofuata nikafiwa na binti yangu mkubwa. Alikuwa na mimba ya kwanza, homa ikamshika, na kwa siku chache tu Mwenyezi Mungu akamchukua yeye na kilichokuwa tumboni. Alifia nyumbani kwa mumewe, upande wa pili wa mtaa. Ni chake Mola alichokitoa na ni chake alichokichukua. Nalisema hili leo na nililisema siku ile, ingawa siku ile ulimi ulikuwa mzito.

Nilimtaka Mwosha. Sikutaka mkono mwingine. Wanawake wakaenda kumleta, wakamkuta amekwisha kuvaa buibui, anangoja. Walimsukuma kwa zamu. Walipofika pale kichochoro kinaposhuka na mawe yameachana, magurudumu madogo yakaingia katikati ya mawe yakakwama. Wakajaribu kukiinua kiti naye juu yake. Hawakuweza. Wanaume waliokuwa karibu walijitolea kumbeba, naye akakataa mikono ya wanaume, na hakuna aliyemlaumu. Alishika ukuta kwa viganja viwili, akajaribu kujivuta mwenyewe. Ukuta wa matumbawe ukamchuna ngozi. Kisha akaacha, akawaambia wamrudishe, na waende kuniambia nisingoje, maana maiti hacheleweshwi.

Nikamwosha binti yangu mwenyewe. Nilikuwa na wanawake wawili wa kumimina maji. Nilifanya kama nilivyofunzwa, na yaliyomo humo ni baina yangu na yeye na Mola wetu.

Wanaume walipoinua jeneza na tahalili yao ikaishia mbali, watu walitaka nikae nipewe mkono wa pole. Nikavaa buibui nikatoka kwa mlango wa uani. Sikumwambia mtu ninakokwenda. Mke mwenza alinifungulia, akapanda ngazi akatuachia ukumbi.

Mwosha alikuwa kitini, bado na buibui lake mwilini, viganja vimefungwa vitambaa. Hakunipa pole. Alinitazama nikikaa chini mbele yake, akauliza, "Ni nani aliyemwosha?"

"Mimi, mama."

Akaitazama mikono yangu. "Mikono ilikutetemeka?"

"Ilitetemeka. Tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Yangu pia," akasema. "Kila mmoja niliyemwosha. Sikupata kumwambia mtu."

Nikamtazama mikono ile. Nilikuwa nimeiona juu ya mama mkwe wangu, nikaapa kwamba haikutikisika. Akanyoosha viganja vyake vyenye vitambaa akaomba nimpe mikono yangu. Nikampa. Akaisogeza karibu na uso, na pale nikanusa karafuu maiti ambayo sikuwa nimeitambua mpaka wakati ule, imeingia vidoleni na chini ya kucha. Akaiweka juu ya macho yake, na mwanamke yule niliyemjua miaka yote ile, aliyewakemea wenye kulia milangoni, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Huyo alikuwa wa kupokewa na mimi."

Nilijisogeza nikaweka kichwa changu mapajani pake, juu ya miguu isiyohisi, nikamwacha anililie mtoto wangu. Tulikaa hivyo mpaka nyayo za waliokwenda kuzika zikaanza kusikika kichochoroni, wanarudi.